Jokeri Ibaki Mezani

Kwenye meza za karata za Naviundu, pembeni mwa Lubumbashi, kuna hukumu iliyokwisha kupitishwa, na kila kijana anayejifunza kucheza anaipokea kama amri. Wachezaji wanaohesabiwa kuwa wazito wanasema jokeri ni karata ya bahati tupu. Inamnyang'anya mwenye akili ushindi aliouhangaikia, wanasema, na kumtupia mzembe ambaye hakufikiri hata kidogo. Dawa yao ni moja: kabla ya kugawa, zitoe jokeri zote mbili kwenye pakiti, uziweke pembeni, kisha watu wazima wacheze. Nimeisikia hoja hii kwa wazee ninaowaheshimu na kwa wanafunzi wa chuo kikuu wanaojua hesabu kuliko mimi. Bado nasema haina msingi, na tukiifuata tutaua mchezo unaowakusanya watu wa aina zote kwenye meza moja.

Tuanze na mchezo wenyewe. Nausemea ule wa nane, ambao kwa Kifaransa huitwa huit américain, unaochezwa kuanzia malupango ya Lubumbashi, yaani viwanja vya nyumba zake, hadi mbali sana nje ya Kongo. Kila mtu anagawiwa karata zake, moja inafunuliwa katikati, na zamu yako ikifika unatupa karata inayofanana na iliyo juu kwa rangi au kwa namba. Nane hubadilisha rangi. Mbili humwokotesha jirani karata mbili. Nyingine huruka zamu au kugeuza mzunguko, kufuatana na kanuni za lupango lile. Wa kwanza kumaliza karata mkononi ndiye mshindi. Juu ya zote imekaa jokeri: ukiitupa, anayekufuata anaokota nne, na mahali pengine tano. Aliyebakiwa na moja anajikuta na tano au sita. Hapo ndipo kelele huanza, na hapo ndipo wazee wanaposema, "Mnaona? Mchezo gani huu?"

Ukiwauliza kwa nini wanaikataa, watakupa sababu tatu: kwamba ni bahati, kwamba haina jibu, na kwamba inampa asiyejua nguvu juu ya anayejua. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Bahati kwanza. Pakiti kamili ina karata 54, na jokeri ni 2. Wakicheza wanne na kila mmoja akagawiwa 7, uwezekano wa mchezaji yeyote kuanza na jokeri angalau moja ni kama asilimia 24, yaani takriban mchezo mmoja kati ya minne. Uwezekano wa kuanza na zote mbili haufiki asilimia 2. Maana yake ni kwamba katika michezo minne, mitatu utaianza bila jokeri, na utapaswa kuipigania kwa karata ulizo nazo. Zaidi ya hapo, bahati hiyo hiyo ndiyo inayogawa nane nne na mbili nne. Anayepewa nane mbili kwenye mgao wa kwanza amepewa usukani wa mchezo mzima, lakini sijamsikia mzee hata mmoja akidai nane zitolewe. Kama bahati ni dhambi, basi kugawa karata ndiko dhambi, na jokeri haina kosa la peke yake.

Kwa wale wasiotaka bahati hata chembe, nchi hii imewapa michezo yao. Kuna kisolo, mchezo wa mashimo na mbegu wa Waluba na majirani zao, ambapo kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Kuna dame, ambayo vijana huicheza kwa vizibo vya chupa juu ya ubao uliochorwa kwa mkono, na ambamo mzembe hawezi kumshinda fundi hata wakicheza usiku kucha. Ni michezo mikubwa na naipenda. Lakini karata ni jambo jingine tangu asili yake: unashika kitu ambacho mwenzako hakioni, naye anashika kitu usichokiona wewe. Ujuzi wa karata ni kuamua vizuri wakati hujui kila kitu. Anayeondoa jokeri ili bahati ipungue anaugeuza mchezo wa kubahatisha na kusoma nyuso kuwa dame mbovu, na dame nzuri tunayo tayari.

Sababu ya pili ni kwamba jokeri haina jibu. Hili si kweli. Mahali pengi jokeri hujibiwa kwa jokeri, na adhabu ikahamia kwa mwingine. Nairobi, ambako mchezo wa ukoo huu huu huitwa kadi, ree, yaani karata ya A, inaweza kuzuia adhabu isikuangukie. Isitoshe, watu wa Nairobi wana kanuni inayoibana jokeri kuliko kutolewa kwenye pakiti: huruhusiwi kumaliza mchezo kwa karata ya nguvu. Aliye tayari kumaliza hutangaza "niko kadi", na karata yake ya mwisho lazima iwe ya kawaida, kama nne au tisa. Ukibaki na jokeri mkononi umejifungia mlango mwenyewe. Karata inayotisha kuliko zote ndiyo isiyoweza kukupa ushindi. Na pale mchezo unapohesabiwa kwa alama zilizobaki mikononi, jokeri huwa mzigo mzito kabisa kwa aliyekamatwa nayo. Kwa hiyo kila anayeiokota anakabidhiwa swali gumu: niitupe sasa, au niishikilie na kuhatarisha kukamatwa nayo? Kujibu swali hilo ni ujuzi, na ukiiondoa jokeri, swali lenyewe limeondoka.

Sababu ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi: jokeri humfanya asiyejua amshinde anayejua. Hapa naomba tuangalie mkono mmoja kwa karibu, wa aina ambayo kila mchezaji wa Naviundu ameiona mara nyingi.

Umeme umekatika. Wamebaki wawili tu wanaocheza, simu imewekwa juu ya kopo ili taa yake imulike meza. Kijana ana karata nne, moja ni jokeri. Mama aliyeketi mbele yake ana tatu. Kijana anaona mama anakaribia kumaliza, anaibamiza jokeri mezani, na watazamaji wanapiga kelele. Mama anaokota tano, moja moja, bila kuinua macho. Sasa ana nane na kijana ana tatu. Kwa anayetazama juu juu, mchezo umekwisha. Lakini katika zile tano mama amepata mbili, nane, na jokeri ya pili. Anazipanga taratibu upande wa kushoto, anatupa karata za kawaida kana kwamba hana kitu, na anamwachia kijana ashuke hadi moja. Kijana anatangaza kwa furaha. Ndipo mama anapoweka jokeri. Kijana anaokota tano. Mama anafuatisha mbili, kijana anaokota mbili zaidi. Halafu inakuja nane, na mama anataja rangi ambayo anakadiria kijana ana chache, kwa sababu muda wote alikuwa anahesabu karata za rangi hiyo zilizokwisha kutupwa. Kijana ndiye aliyeishika jokeri ya kwanza, na ndiye aliyeshindwa.

Mkono huo unaonyesha jambo ambalo wapinzani wa jokeri hawalitaji. Kumwokotesha mtu karata tano ni kumpa silaha tano. Huwezi kujua umempa nini. Asiyejua hutupa jokeri mara tu anapoipata, kwa sababu inapendeza kusikia kelele za watazamaji. Anayejua hujiuliza nani anakaa baada yake, kwa sababu jokeri humpiga jirani mmoja tu na kuwaacha wengine wote. Wakicheza wanne, wawili kati ya wapinzani wako watatu jokeri yako haiwafikii, labda mzunguko ugeuzwe au zamu irukwe. Kwa hiyo inabidi ukumbuke nani amebakiwa na ngapi, ugeuze mzunguko kwa wakati wake, na usubiri aliye karibu kumaliza awe ndiye anayekufuata. Karata inayodai hesabu ndefu kiasi hicho haiwezi kuitwa karata ya wavivu. Ukweli ni kwamba mtu huonekana ni mchezaji wa aina gani kwa namna anavyoitumia jokeri kuliko kwa karata nyingine yoyote.

Na hata pale asiyejua anaposhinda kwa jokeri, kuna ubaya gani? Karata hazichezwi mkono mmoja. Huchezwa jioni nzima, na baada ya mikono kumi au kumi na tano, fundi huwa mbele. Kushindwa mara moja moja na mtoto wa jirani hakumpunguzii fundi chochote, ila humpa mtoto sababu ya kurudi kesho. Angalia nani wanakaa kwenye meza hizi: bibi, mwanafunzi, mchimbaji aliyerudi kupumzika, fundi wa pikipiki, mgeni aliyeletwa na binamu. Naviundu ni kata ya Commune Annexe, eneo linaloizunguka Lubumbashi, na watu wake wametoka pande nyingi kufuata kazi. Mchezo unaowaketisha wote hao pamoja lazima umwachie kila mmoja mlango wazi. Jokeri ni mlango huo. Ufunge, na baada ya miezi michache mezani watabaki mafundi watano wanaojuana, wakicheza wao kwa wao huku wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi karata.

Watu wenyewe wamekwisha kutoa ushahidi wao. Jokeri moja ikipotea, pakiti haitupwi. Huchukuliwa ile karata ya ziada isiyo na namba iliyokuja ndani ya boksi, huandikwa neno JOKER kwa biki, na mchezo huendelea. Hakuna anayejisumbua kutengeneza upya kitu kinachomharibia starehe yake.

Wala si sisi tuliobuni karata inayopita wafalme. Jokeri yenyewe ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1860, wachezaji wa mchezo uitwao euchre walipotaka turufu moja ya juu ya turufu zote, na ikabaki kwenye pakiti hadi leo. Pwani ya Waswahili nayo ina karata zake zenye asili ya Kireno, ambamo ree hubeba alama 11, saba hubeba 10, na mzungu wa nne, yaani mfalme, hubeba 4 tu. Saba, karata ya watu wa kawaida kabisa, inampita mfalme, na mchezo umedumu vizazi na vizazi. Uganda nako, katika mchezo wa matatu, saba ya rangi iliyochaguliwa mwanzoni inaweza kuukata mchezo palepale, wote wakahesabu alama zilizobaki mikononi. Hebu fikiri: karata moja inayomaliza mchezo wakati wengine bado wanapanga mipango! Waganda hawakuitoa. Waliifanya kuwa moyo wa mchezo, na kila mchezaji anapunguza mzigo wa mkono wake mapema kwa kuihofia.

Mtu ataniambia kwamba duniani kote karata zenye nguvu kupita kiasi hupigwa marufuku, na kwamba hata wazungu waliotunga michezo mikubwa wamekubali hivyo. Ni kweli hupigwa marufuku, lakini ukichunguza kwa nini, utakuta mfano huo unanisaidia mimi.

Mwaka 1993 Richard Garfield, mtaalamu wa hesabu, alitoa kupitia kampuni ya Wizards of the Coast mchezo uitwao Magic: The Gathering. Hapo karata haziji kwenye pakiti moja inayofanana kwa wote. Unanunua vipaketi bila kujua kilichomo, unakusanya, unabadilishana na wenzako, kisha unajipangia pakiti yako mwenyewe. Katika toleo la kwanza kulikuwa na karata iitwayo Black Lotus. Haigharimu chochote kuicheza, na inakupa papo hapo nguvu ambayo mwenzako angesubiri zamu tatu kuifikia. Mwaka 1994 ilikwisha kuwekewa mpaka wa moja tu kwa kila pakiti. Mwaka 1996 kampuni iliahidi kutochapisha tena karata kadhaa za zamani, Black Lotus ikiwemo. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo la kwanza iliuzwa kwa dola milioni 3.

Mwaka huohuo, tarehe 23 Septemba, kamati iliyosimamia mtindo wa mchezo huo uitwao Commander ilipiga marufuku karata kadhaa, zikiwemo Mana Crypt na Jeweled Lotus, ambazo zilimpa mwenye nazo mwanzo wa kasi ambao wengine hawakuweza kuufikia. Mana Crypt ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 100. Hasira ilikuwa kali mno. Wanakamati walitishiwa, na tarehe 30 Septemba usimamizi wote ulikabidhiwa kwa kampuni yenyewe. Lakini kuna karata moja iliyoachwa: Sol Ring, ambayo nayo hutoa mwanzo wa kasi wa aina ileile. Kamati ilisema Sol Ring imekuwa sehemu ya utambulisho wa mchezo. Mimi naona sababu iko wazi zaidi. Sol Ring ni ya bei nafuu, na huwekwa ndani ya pakiti zinazouzwa zikiwa zimekwisha kupangwa. Kila mtu anayo, na kwa hiyo hakuna anayeonewa nayo.

Hapa ndipo penye mpaka wa kweli kati ya nguvu inayoharibu na nguvu inayonogesha. Nguvu inayonunuliwa huharibu mchezo, kwa sababu mshindi ameamuliwa dukani kabla watu hawajaketi. Mwenye dola 100 anaingia na kitu ambacho mwenzake hawezi kukipata hata acheze kwa akili kiasi gani. Jokeri ya Naviundu haina mwenyewe. Mwenye lupango na mpangaji wake, bosi na mlinzi wake, wote wana nafasi sawa ya kuiokota kutoka kwenye rundo lile lile. Wiki hii imenipiga mimi, wiki ijayo itampiga yule aliyenipiga. Katika mji ambao pesa ya shaba na kobalti huamua mambo mengi mno, nani anaishi wapi na mtoto wa nani anasoma wapi, tuna meza moja ambayo nguvu kubwa kuliko zote hugawiwa bila kumtazama mtu usoni. Sioni kwa nini tuiondoe kwa mikono yetu.

Najua hoja nzito iliyobaki. Wako wanaocheza kwa pesa, na kupoteza mshahara kwa sababu ya karata moja ni msiba kwa nyumba nzima. Nakubali kwamba ni msiba, ila aliyeuleta ni pesa iliyowekwa mezani. Mtu anayecheza mshahara wake ataupoteza kwa nane au kwa mbili kama atakavyoupoteza kwa jokeri. Anayetaka kuwalinda watoto wa nyumba ile aondoe dau, na aseme hivyo mbele ya watu, badala ya kuondoa karata mbili na kujiona ametenda jambo la busara.

Na ugomvi? Ni kweli jokeri huleta ugomvi. Lakini sikiliza vizuri watu wanagombania nini. Mmoja anasema ni nne, mwingine anasema ni tano. Mmoja anasema jokeri hujibiwa kwa jokeri, mwingine anasema aliyepigwa aokote tu. Wanagombania kanuni ambazo hawakuzitaja kabla ya kuanza. Mchezo wa Uno, uliobuniwa mwaka 1971 huko Ohio na kinyozi aitwaye Merle Robbins, na ambao leo ni mali ya Mattel, una karata yake ya kuokotesha nne. Mwaka 2019 wenye mchezo walitangaza kwamba hairuhusiwi kuipandisha karata hiyo juu ya nyingine ili adhabu ihamie kwa anayefuata. Watu wengi waliokuwa wakicheza hivyo nyumbani kwao tangu utotoni walikataa, na wanaendelea kucheza walivyozoea. Karata haikuwa na tatizo. Kila nyumba ilikuwa na kanuni yake, na kila nyumba ilidhani ndiyo kanuni ya dunia nzima.

Kwa hiyo nawaambia wazee wangu na vijana wenzangu wa karata, kabla ya kugawa ulizeni mambo manne kwa sauti, na mgeni asikie: jokeri inaokotesha ngapi? Inajibiwa au haijibiwi? Nani anataja rangi baada yake? Na je, mtu anaweza kumaliza kwayo? Mkikubaliana, anayevunja atajulikana na anayelalamika atajibiwa. Mimi binafsi ningechukua kanuni ya Nairobi, kwamba hakuna kumaliza kwa karata ya nguvu, kwa sababu inamlazimisha kila mwenye jokeri kufikiri hatua mbili mbele. Meza nyingine zichague vingine, ni haki yao. Lakini zichague zikiwa na karata zote 54. Fundi anayehitaji karata mbili zitolewe kabla hajakubali kucheza na jirani zake hajathibitisha ufundi wake. Akae, agawiwe, aokote kama sisi, kisha atuonyeshe.